1854 au 1888: msafiri wako wa wakati ashukie London ipi?

Mwambie mtu kwamba unaandika riwaya fupi ya upelelezi yenye mtu anayesafiri katika wakati, na kwamba umeiweka London ya enzi za Malkia Victoria. Kabla hujafika kwenye nukta atakuwa ameshakudaka: "Aa, yule muuaji wa Whitechapel!", yaani Jack the Ripper, aliyewaua wanawake katika mtaa huo wa London mwaka 1888. Nami nilianzia hapo hapo. Niliandika kurasa arobaini za 1888, ukungu tele, taa za gesi tele, viatu vinagonga mawe usiku wa manane, mpaka nikakubali kwamba hadithi imekwama, tena imekwama pale ambapo ufundi wa kalamu hauwezi kuikwamua. Nikarudi nyuma miaka 34, hadi 1854.

Miaka hiyo miwili naipanga hapa ubavu kwa ubavu, kwa ajili ya mwandishi ambaye bado hajachagua. Upo na mlango wa tatu, mdogo, nitaufikia baadaye. Huo ni wa wale wanaotaka Kiswahili kisikike ndani ya London ile bila kukilazimisha.

Tarehe moja, mitaa miwili

Anza na sadfa hii. Usiku wa tarehe 31 Agosti 1854 kipindupindu kililipuka katika mtaa wa Broad Street, Soho. Tarehe 31 Agosti 1888, kabla hakujapambazuka, Mary Ann Nichols alikutwa ameuawa Buck's Row, Whitechapel. Kati ya mtaa na mtaa ni kilomita tano na ushei tu. Ukitaka mashine yako ifuate tarehe badala ya mwaka, yaani mlango ufunguke kila 31 Agosti na kujifunga, historia imekwisha kukujengea mlango huo bure.

Mambo yanaachana kwenye muda. Balaa la Soho lilikuwa la siku kumi: katika siku hizo watu zaidi ya 500 walikufa ndani ya eneo ambalo ungelizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Mauaji matano ya Whitechapel yanayohesabiwa kuwa ya mkono mmoja yalikwenda kutoka 31 Agosti hadi 9 Novemba, wiki kumi kamili. Siku kumi na wiki kumi. Kwa riwaya ndefu, wiki kumi ni neema. Kwa riwaya fupi ni mzigo, kwa sababu kati ya tukio na tukio kuna wiki nzima ambazo mhusika wako anakula, analala na kusubiri, na wewe unajaza ukungu.

Nani anamjua muuaji

Kurasa zangu arobaini zilifia hapa.

Muuaji wa 1888 hakujulikana. Msafiri anayetoka siku zetu anashuka Whitechapel akiwa hajui zaidi ya polisi wa pale. Anachojua ni mahali na saa tu. Una njia tatu. Unaweza kumtaja muuaji kwa jina, na msomaji akakuambia umelibuni, maana nadharia za zaidi ya miaka mia moja zimekwisha kutaja kila mtu, kuanzia wachinjaji hadi watu wa ikulu. Unaweza kumficha, na msomaji akaona umemlia nauli. Au unaweza kumfanya msafiri mwenyewe awe ndiye muuaji, hila ambayo msomaji mzoefu atainusa ukurasa wa tatu.

Kuna jambo lingine lililonikera, na silioni likitajwa sana. Wale wanawake watano walikuwa watu wenye majina, baadhi yao na watoto, wengine wakihangaika kutafuta pesa ya kitanda cha usiku mmoja. Msafiri anayejua saa na mahali pa kifo, kisha akajibanza gizani na daftari lake ili "kuona uso wa muuaji", amekuwa mtu wa aina gani? Ukimfanya aingilie kati, umeandika hadithi ya uokozi, si ya upelelezi. Asipoingilia, msomaji anamchukia, na ana haki.

1854 inageuza meza. Huko muuaji anajulikana: ni maji ya pampu ya Broad Street. Anayejua ni msafiri, na karibu hakuna mwingine anayeamini. Madaktari wengi wa wakati ule walishikilia kwamba ugonjwa unaletwa na hewa mbaya, uvundo. John Snow, daktari yule yule aliyempa Malkia klorofomu wakati wa kujifungua mwaka 1853, alikuwa akipinga dhana hiyo kwa miaka kadhaa bila kusikilizwa sana. Fumbo basi si "nani kafanya" bali "utamwaminishaje mtu". Kwa msafiri wa wakati hilo ndilo fumbo lenyewe: unajua, huna ushahidi ambao watu wa pale wanautambua kuwa ni ushahidi, na kila siku majeneza yanapita.

Nalo lina tabaka. Mkono wa pampu uliondolewa tarehe 8 Septemba, baada ya Snow kuwashawishi wakubwa wa parokia. Msafiri aliyesoma vitabu anajua kwamba kufikia siku hiyo vifo vilikuwa vimeshaanza kupungua, kwa kuwa watu walikuwa wamekimbia mtaa. Snow mwenyewe alikiri hivyo. Kwa hiyo msafiri anaweza kujiambia: mkono huu hauna maana, nitumie nguvu zangu kwingine. Amenaswa. Baadaye kasisi kijana wa mtaa ule, Henry Whitehead, aliyeanza akimpinga Snow, aligundua kwamba chanzo kilikuwa mtoto mchanga wa nyumba namba 40, mbele ya pampu kabisa. Maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa katika karo lililokuwa likivuja kuelekea kisimani. Baba wa mtoto huyo, naye askari polisi, alishikwa na ugonjwa siku ile ile mkono ulipoondolewa. Kama pampu ingekuwa bado inafanya kazi, kisima kingepata sumu upya. Msafiri mjuaji anayeuacha mkono mahali pake anaweza kuwa muuaji kuliko yeyote. Hebu nionyeshe kitu kama hicho katika 1888.

Mauaji ndani ya tauni

Utasema: sawa, lakini upelelezi bila mauaji ni mchuzi bila chumvi. Nimekuelewa. Mauaji yapo, tena yanajificha pazuri.

Aseniki humfanya mtu atapike, aharishe na misuli ikaze. Daktari aliyechoka, katikati ya mtaa unaozika kila saa, ataandika nini kwenye cheti? Kipindupindu. Mtu anayemtaka mjomba wake afe amepewa siku kumi za dhahabu.

Mtaani pale palikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya sabini, hatua chache kutoka kwenye pampu. Mwenye kiwanda alimweleza Snow kwamba hakuna kati yao aliyeugua sana. Wawili tu walijisikia vibaya kidogo. Walikuwa wakipewa bia kama sehemu ya haki yao ya kazi, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Sasa msafiri wako amesoma haya kabla ya kuondoka. Anajua kama anavyojua jina lake kwamba kiwandani hakuna atakayekufa kwa kipindupindu. Siku ya tatu anapita pale, anakuta jeneza linatolewa langoni, na cheti kinasema kipindupindu.

Ama kuja kwake kumeibadili historia, ama daktari amekosea. Vitabu vilisema hakuna aliyekufa kwa kipindupindu. Havikusema hakuna aliyeuawa. Kidokezo hicho hakiwezi kuonwa na mpelelezi yeyote wa 1854. Kinaonwa na mtu wa kesho peke yake, nacho si kifaa wala dawa, ni jambo alilolisoma. Tangu nikipate sijarudi Whitechapel.

Kuanzia hapo upelelezi unakwenda kwa miguu yake. Kipimo cha Marsh cha kutambua aseniki mwilini kilikuwepo tangu 1836. Sheria ya 1851 ilimtaka muuzaji aandike kwenye daftari nani amenunua, kiasi gani na kwa ajili gani, na mnunuzi atie saini. Na aseniki ya kuuzwa kwa kipimo kidogo ilipaswa kuchanganywa na masizi au nili ili isidhaniwe sukari au unga. Daftari la duka la dawa, saini, rangi ya buluu chini ya ukucha. Huhitaji hata kubuni.

Na ukitaka ushahidi wa pembeni, historia inakupa mjane wa Hampstead, mbali kabisa na Soho, aliyependa ladha ya maji ya Broad Street hata akawa analetewa kwa gari. Aliyanywa, akafa, na mpwa wake wa Islington aliyemtembelea na kuyanywa akafa pia. Upande wa pili, nyumba ya maskini ya Poland Street, karibu kabisa na pampu, ilikuwa na watu 535 na vifo vitano tu, kwa sababu ilikuwa na kisima chake. Aliye mbali anakufa, aliye jirani anapona. Mwandishi wa upelelezi angelipia pesa kwa muundo wa namna hiyo.

Polisi na vifaa

Hapa pengo ni dogo kuliko wengi wanavyodhani. Kitengo cha wapelelezi cha London kilianza 1842 na watu wanane. Kufikia 1888 kulikuwa na idara kamili iliyoundwa 1878. Lakini alama za vidole hazikutumika hata 1888: ofisi yake Scotland Yard ilifunguliwa 1901, na mwaka huo huo ndipo kipimo cha kutofautisha damu ya binadamu na ya mnyama kilipotangazwa. Mchinjaji wa Whitechapel aliyelowa damu angeweza kupita mbele ya askari akisema ni ya ng'ombe, na askari asiwe na la kumjibu.

1888 inashinda mahali pamoja, nami sitaificha. Usiku wa 30 Septemba, baada ya mauaji mawili, yalikutwa maandishi ya chaki yaliyowataja Wayahudi ukutani Goulston Street, juu ya kipande cha nguo chenye damu. Mkuu wa polisi, Sir Charles Warren, akaagiza yafutwe kabla ya kupigwa picha, akihofia fujo dhidi ya Wayahudi. Msafiri mwenye simu mfukoni, bila mtandao, chaji imebaki asilimia nne, ana dakika chache za kupata kitu ambacho dunia nzima imekikosa. Ni tukio zuri. Ni hadithi fupi nzuri kabisa ya maneno elfu tatu. Riwaya haibebeki juu yake.

Kwa urahisi wa utafiti, 1888 ina ramani za Charles Booth zilizoanza kutoka 1889, zikipaka kila mtaa rangi kulingana na umaskini wake, na magazeti ya bei nafuu yasiyohesabika. 1854 ina ramani ya Snow ya vifo vya Soho na masimulizi ya Whitehead. Mashauri ya mahakama ya Old Bailey hadi 1913 yanasomeka mtandaoni bila malipo, kwa hiyo miaka yote miwili ina sauti za mashahidi halisi. Usiyasome ukiwa na tarehe ya mwisho ya kukabidhi mswada. Nimepoteza wiki mbili humo.

Saa

Riwaya ya wakati isiyocheza na saa ni sherehe ya ndoa bila bi harusi. Hapa 1854 inaipita 1888 kwa mbali.

Mpaka 1880 hapakuwa na sheria iliyosema kwamba saa ya Greenwich ndiyo saa ya Uingereza yote. Reli zilikuwa zimeshaifuata tangu miaka ya 1840, lakini miji ilikuwa na jua lake. Bristol, iliyo magharibi, iko nyuma ya London kwa dakika kama kumi, na saa ya soko lake la nafaka ilitiwa mishale miwili ya dakika, mmoja wa mji, mmoja wa reli. Mwaka 1858 huko Dorchester jaji aliketi saa nne asubuhi kwa saa ya mahakamani, mdaiwa akawa hayupo, akahukumiwa kushindwa. Mara akaingia akidai kwamba kwa saa ya mji hajachelewa. Rufaa ilimpa haki. Dakika chache za jua zilibadili hukumu. Mshukiwa anayesema "saa ile nilikuwa kituoni" anaweza kuwa anasema kweli kwa mshale mmoja na uongo kwa mwingine. Mwaka 1888 mlango huo umeshafungwa na sheria.

Kwa mwandishi wa Kiswahili kuna mshale wa tatu. Sisi tunahesabu saa kuanzia kuchomoza na kuzama kwa jua, na kwa hesabu ya zamani ya pwani siku mpya huanza magharibi. Shahidi Mwingereza akisema jambo lilitokea Alhamisi usiku, msafiri aliyelelewa na bibi yake Pemba anaweza kuandika "usiku wa Ijumaa", na wote wawili wakawa sahihi. Akiachiwa karatasi yenye tarakimu 7 pekee, miguu yake itampeleka saa saba. Itumie hila hii mara moja tu. Mara ya pili msomaji anakasirika.

Neno moja kuhusu lugha ya mazungumzo, kwa kuwa linaumiza miswada mingi. Whitechapel ya 1888 ina lafudhi ya mashariki ya London, ina wahamiaji wa Kiyahudi waongeao Kiyidi, ina wabeba mizigo wa bandarini. Kishawishi ni kuwapa Kiswahili cha vijiweni. Usifanye hivyo, msomaji ataanza kuiona Kariakoo au Eastleigh, na London itapotea. Soho ya Snow na Whitehead ni rahisi kidogo: daktari na kasisi wanaongea Kiswahili sanifu kilichotulia, na wafanyakazi unawatofautisha kwa ufupi wa sentensi.

Mlango wa tatu: 1874 na 1875

Ukitaka Kiswahili kiwepo London kwa haki yake, si kwa hisani ya mashine, basi ni hapa. Abdulla Susi na James Chuma, waliokuwa miongoni mwa walioubeba mwili wa Livingstone kutoka bara hadi Bagamoyo, walifika Uingereza mwaka 1874, wakiwa wamechelewa mazishi ya Westminster Abbey ya tarehe 18 Aprili. Jacob Wainwright, mwenzao, ndiye aliyekuwepo kaburini. Chuma na Susi walikaa miezi, wakimsaidia Horace Waller kuandaa shajara za mwisho za marehemu kwa ajili ya kuchapishwa. Mwaka uliofuata, Juni 1875, Sultani Barghash wa Zanzibar aliwasili London na msafara wake, miaka miwili baada ya mkataba uliofunga soko la watumwa.

Fikiria msafiri kutoka Dar es Salaam ya leo anawasikia watu wa msafara ule wakizungumza. Anaelewa, lakini si kila kitu. Akilalamika kwamba simu yake imezima, watamtazama: kamusi za mwanzoni mwa karne ya 20 bado zinalieleza neno simu kuwa ni telegrafu. Na waya wenyewe ulikuwa haujafika Zanzibar, ulifika 1879, kwa hiyo habari ya kifo London ilisafiri kwa meli kwa wiki kadhaa kabla ya kumfikia ndugu Unguja. Pengo hilo la habari ni shamba la upelelezi.

Ugumu wake ni kwamba hapa una watu halisi wengi mno kwa nafasi ndogo, na hawa ni wa kwetu. Kumpa Susi kosa asilolitenda, hata katika hadithi, ni jambo ambalo mimi nisingelifanya. Muuaji wako na aliyeuawa watalazimika kuwa wa kubuni, nao watawekwa pembeni mwa watu ambao msomaji angependa kuwasikia zaidi. Ukiwa na nafasi ya maneno laki moja, ingia. Kwa maneno elfu thelathini, utawaudhi wote.

Basi

Kama unaandika kwa ajili ya mchapishaji anayetaka jalada lenye kofia ndefu, joho na ukungu, nenda 1888, lakini hama mtaa. Julai ya mwaka huo wasichana wa kiwanda cha viberiti cha Bow waligoma, katika kazi iliyokuwa ikiozesha taya kwa fosforasi, na Septemba kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilipewa hati ya kifalme. Mauaji ya kubuni ndani ya kiwanda kile yatakuwa yako, na hakuna atakayekuuliza jina la yule mwingine.

Kama unaandika kwa ajili ya fumbo lenyewe, shuka Soho. Broad Street siku hizi inaitwa Broadwick Street, kuna nakala ya pampu isiyo na mkono, na jirani yake baa yenye jina la John Snow, mtu ambaye kwa sehemu kubwa ya maisha yake hakugusa pombe. Mimi bado niko kiwandani. Mwenye kiwanda alihesabu wawili walioumwa kidogo. Wangu ni wa tatu, aliyekufa siku tatu baada ya kuomba nyongeza ya mshahara, na chini ya kucha zake kuna buluu.